Binti wa Mfalme Aliyeanguka kwenye Mafiga

Mchungaji wetu, wazee wa ukoo, wafiwa, majirani wa Kwemashai, na ninyi wageni mliopanda kutoka Muheza, Korogwe na Bungu katika utelezi huu wa masika, familia inawashukuru kwa kuja, na inaomba mtulie, hata nyie mnaonong'ona huko nyuma kwenye migomba, kwa sababu historia ya ndugu yetu ni ndefu, na mwisho wake haujafika, utafika hapa mbele yenu leo, Jumatatu, tarehe 21 Aprili 1958, kabla jeneza halijafunikwa.

Marehemu Nathanaeli Shemhilu, ambaye wengi wenu mlimwita Baba Dorkasi bila kumjua huyo Dorkasi ni nani, alizaliwa hapa hapa Kwemashai mwaka 1891, siku na mwezi havijulikani kwa kuwa waliomzaa hawakuwa watu wa kuandika, ila kitabu cha kanisa kinaonyesha kwamba alibatizwa tarehe 25 Desemba 1899, akiwa mtoto wa pili kati ya watano, na mama yetu alipenda kusema kwamba katika sisi watano huyu ndiye aliyetoka tumboni akibisha, na hakuacha.

Alisoma shule ya misheni ya Vuga kuanzia mwaka 1900 hadi 1906, akajua kusoma, kuandika, hesabu na nyimbo, kisha akaingia karakana ya useremala, akatoka huko mwaka 1910 akiwa fundi kamili, na huko ndiko mwalimu wake mmoja Mjerumani alipogundua kwamba kijana huyu akiwekewa picha yoyote mbele yake anaweza kutoa nyingine inayofanana nayo, akamfundisha kutandaza nyuzi juu ya picha ili zikate miraba, kuchora miraba ileile kwenye ubao mtupu, na kuhamisha mraba mmoja baada ya mwingine bila pupa. Kazi hiyo inataka subira, na subira marehemu alijaliwa, ila kwa watu hakuwa nayo, aliitumia yote kwenye mbao.

Vita vilipoanza mwaka 1914 alichukuliwa kubeba mizigo ya Wajerumani, akafika Rufiji, akarudi kwa miguu mwaka 1917, amekonda hata mbwa wa nyumbani akambwekea, na tarehe 14 Juni 1919 alifunga ndoa kanisani Bumbuli na Bibi Zipora, binti wa kutoka kijiji cha Mgwashi, huyu mnayemwona ameketi hapa mbele kwenye mkeka, wakajaliwa watoto wanne, Dorkasi aliyezaliwa tarehe 8 Agosti 1920, Mika aliyezaliwa mwaka 1923, Klara mwaka 1928 na Tobia mwaka 1931, watatu wako hapa nasi, na wa kwanza ndiye sababu ya maneno mengi nitakayoyasoma.

Mwaka 1924 marehemu aliitwa Lushoto kurekebisha madirisha katika nyumba moja kubwa iliyoachwa na mkulima wa Kijerumani na kununuliwa na Mwingereza aliyeitwa Bwana Halwood, ambaye aliigeuza kuwa nyumba ya wageni, na ukutani katika ukumbi wa nyumba hiyo ilikuwako picha ya rangi iliyoachwa na mwenye nyumba wa kwanza, mtoto wa kike wa Kizungu wa miaka sita hivi, amevaa gauni la kijivu lenye kola pana ya lesi, mkono wa kushoto umeshika ukingo wa kiti, mkono wa kulia umeshika kitu cha duara chenye rangi ya dhahabu. Kila mtu alijua ni mtoto wa mfalme, ila wa mfalme gani hakuna aliyejua, Bwana Halwood akiwaambia wageni wake kwamba ni wa Kiingereza, jambo lililowafurahisha, ijapokuwa nyuma ya fremu maandishi yote yalikuwa ya Kijerumani.

Wageni walipenda picha ile wakataka kwenda nayo makwao, basi Bwana Halwood, alipomkuta fundi wa madirisha ameduwaa mbele yake nyundo mkononi, akamuuliza kama anaweza kuitoa nakala, na tangu hapo marehemu alitengeneza nakala hapa nyumbani juu ya mbao za mkulo alizozipiga randa mwenyewe, na katika zile za kwanza alifanya kosa ambalo watu wa Ulaya wasingelifanya, kwani kile kitu cha duara alikiona kuwa chungwa, na kwa kuwa chungwa la Muheza huuzwa na jani lake, akalitia jani. Bwana Halwood alicheka hata akakaa chini, akaeleza kwamba wafalme wa kwao hushika tufe la dhahabu kuonyesha kwamba dunia imo mkononi mwao, na marehemu akajibu kwa adabu zake zote kwamba mtoto wa miaka sita akiwekewa dunia na chungwa atachukua chungwa, na kwa kuwa wageni nao walilipenda, chungwa likabaki.

Utaratibu wake wa kazi ulikuwa kuandaa mbao sita kwa pamoja, magauni yote kwanza, kisha viti, kisha mikono, na nyuso mwisho kabisa, kwa hiyo zilikuwako siku ambazo mtu akiingia chumba kile alikuta watoto sita wa mfalme wamesimama kandokando ya ukuta bila sura, na shangazi zetu wawili walikataa katakata kukanyaga humo, wakisema kwamba gauni likishonwa kabla mwenyewe hajafika, atakuja mwingine kulivaa. Marehemu aliwacheka, akawaambia kwamba hayo ni maneno ya watu wasiojua rangi hukauka kwa muda gani.

Mwishoni mwa Oktoba 1926 Bibi Zipora alikwenda Mgwashi kumuuguza mama yake, akamchukua Mika, akamwacha Dorkasi kwa sababu mtoto alikuwa na kifaduro na njia ya mlimani ina baridi, basi baba akawa anafanya kazi huku binti ameketi kando yake juu ya kigoda, amefunikwa shuka, anakohoa, akipata nafuu anasema, na alikuwa msemaji. Zikaisha nyuso tano, ikabaki ya sita, na Dorkasi, aliyewatazama wote watano wakipata sura, akasema, "Baba, huyu asiye na uso nitie mimi." Baba akamwambia acha mchezo, mtoto akaanza kulia, kilio kikaleta kikohozi, baba akaogopa, akashika brashi.

Akamchora kama alivyokuwa, na ndugu zangu hapa naomba tusikilize vizuri, akamchora mweusi kama alivyomzaa, na kovu lake juu ya nyusi ya kushoto alilolipata akiwa na miaka miwili alipoanguka kwenye mafiga, na kwa kuwa alimpa chungwa ili atulie, na mtoto haangalii chungwa akaliacha, baba akalimenya, akalikata kichwa, akamwachia anyonye, basi katika ubao wa sita binti wa mfalme ameshika chungwa lililokatwa kichwa, na jani lake liko chini miguuni. Mtoto alipouona alifurahi, akatangaza kwamba mama akirudi wasimwambie, wamwache amtafute mwenyewe kati ya wale sita.

Dorkasi alifariki Jumatano, tarehe 10 Novemba 1926, jioni, rangi ya uso wake haijakauka, na mtu aliyetumwa Mgwashi alizuiwa na mto uliofurika, wazee wakaona hawawezi kungoja, maziko yakafanyika kesho yake Alhamisi, na Mama Dorkasi alipofika Jumamosi, ameloa hadi kichwani, alikuta kaburi limekwisha kupangwa mawe.

Sasa, ukoo wetu una desturi, na walio wageni waijue ili waelewe kwa nini leo hii kila picha katika nyumba hii imetazamishwa ukutani, kwamba penye msiba uso usiofumba macho haumwangalii aliyefumba, maana akiangaliwa hapati usingizi, na picha haigeuzwi wala kuchunguliwa mpaka matanga yaanuliwe. Alhamisi ile, kabla mwili haujawekwa chumbani, wanawake walizigeuza zile mbao sita, na saa ileile tuliyokuwa makaburini lori la Bwana Halwood likafika kuchukua mzigo, dereva alikuwa kijana aliyeitwa Fanueli, hakujua lolote, na wazee wawili walioachwa kulinda nyumba, kwa heshima, wakamsaidia kupakia, wakizibeba na nyuso zimegeuzwa, wakizikinga kwa majani ya migomba zisigusane, na hakuna hata mmoja wao aliyethubutu kuchungulia anabeba nini. Hawakukosea desturi hata chembe, na marehemu hakuwahi kuwalaumu, ila aliporudi kutoka makaburini akakuta ukuta mtupu alikaa juu ya kile kigoda, akakaa, hadi watu wakaona haya kumwangalia.

Siku iliyofuata alishuka barabarani akaenda Lushoto, Bwana Halwood akampa pole, kisha akamwambia kwamba ubao mmoja ulikuwa umeharibika, kwamba haelewi mzaha ule ulikuwa wa nini, na kwamba ameagiza uchomwe, na marehemu aliposikia neno hilo aliondoka bila kuaga, hakurudi tena kwa Bwana huyo maisha yake yote, hata alipoitwa kwa wema.

Na Mama Dorkasi hakuuliza habari za ugonjwa wala za maziko, aliuliza jambo moja tu, mtoto alikuwaje usoni siku za mwisho, marehemu akamweleza habari za ubao, na kwamba umeungua, na mama akasema, "Basi nichoree mwingine, wewe si fundi?" Marehemu akaahidi, na ahadi hiyo, enyi ndugu, ndiyo iliyomla. Alikaa mbele ya ubao mtupu, akatandaza nyuzi zake hewani pasipo picha ya kutandazia, akachora, na kila alichochora kilikuwa yule mtoto wa Kizungu aliyepakwa rangi nyeusi, macho yale, kidevu kile, maana mkono ulikuwa umemchora yule mara nyingi mno hata ukamsahau huyu. Alijaribu miaka na miaka, akizipasua mbao kwa shoka moja baada ya nyingine, kuni za nyumba hii wakati huo zilikuwa na macho, na usiku wa baridi Klara akiwa mdogo alikataa kuota moto. Mwishowe marehemu aliacha kabisa kuchora nyuso, akabaki na vibao vya maduka, milango na majeneza, na kuna wengi hapa ambao wazee wao wamelala ndani ya kazi ya mikono yake.

Tarehe 3 Agosti 1934 alikwenda Muheza kununua misumari, akaingia katika duka la nguo la Bwana Zahoro, Mungu amrehemu, mtu muungwana sana, na nyuma ya kaunta, juu ya majora ya kaniki, binti yake alikuwa anamtazama. Gauni la kijivu, kola ya lesi, mtoto mweusi wa miaka sita. Marehemu alishindwa hata kuitika salamu, Bwana Zahoro akadhani mgeni ana homa, akamletea maji, mkewe Bibi Mwanasha akamwekea kiti, wakamweleza kwa fahari kwamba huyo ni binti wa mfalme wa Uhabeshi, kwamba picha yake inalinda watoto wa nyumba, na kwamba wameinunua kwa mchoraji wa Tanga anayeitwa Idd Darweshi. Kilichomtoa jasho marehemu si kumwona mtoto, ni kuelewa kwamba kitu kilichoungua hakinakiliwi, kwa hiyo mahali fulani ule ubao wa sita ulikuwa mzima.

Aliwasihi wamwazime picha ile, na wale watu wasiomjua wakamwazima, akapanda nayo milima yote hii akiwa ameikumbatia, akaisimamisha mbele ya Mama Dorkasi, mama akaisogelea, akaitazama muda mrefu, kisha akasema kwa upole, "Huyu amelelewa vizuri, wangu alianguka kwenye mafiga." Ni kweli, juu ya nyusi ya kushoto, mahali pa kovu, pamewekwa kito cha kung'aa, na mkononi badala ya chungwa lililokatwa kichwa mlikuwa na kikombe cha dhahabu, na macho, mama alisema, yalikuwa macho ya mtu anayeuza kitu. Akamwambia mumewe airudishe picha ya watu, na kesho yake akairudisha.

Kuanzia hapo, watani wake wakasema fundi ameota mbawa, kwani kila mavuno yakiisha alifunga kitambaa cha chakula akaondoka kufuata picha, na kanuni yake ilikuwa moja, kito kikipungua kuwa doa, na kikombe kikirudi kuwa chungwa, basi amekaribia. Idd Darweshi wa Tanga hakuficha, alisema aliinakili kutoka kwa karani wa reli wa Korogwe, na kito alikiongeza mwenyewe kwa sababu hakuna mteja anayetaka binti wa mfalme mwenye kovu, karani wa Korogwe alikuwa na picha yenye doa jekundu na chungwa zima, naye akasema ni mtoto wa Zumbe mmoja, mtawala wa zamani wa Usambara, akataja mpaka jina la mama yake, ila alikoipata hakutaka kusema, na kule Pangani mtu mwingine akaapa kwamba ni mjukuu wa sultani, aliyefia baharini. Kila nyumba ilikuwa na nasaba yake, marehemu akisikiliza zote, anaitikia ndiyo, ndiyo, mtu yule mbishi wa kuzaliwa, na mara moja tu alishindwa kujizuia, mwenye nyumba alipomwambia mgeni usimnyooshee kidole mtoto wa mfalme, akajibu kwamba mtoto huyo alikuwa akijikojolea hadi miaka mitano, akafukuzwa.

Kuna jambo jingine alilolipata katika safari hizo, nalo familia imeona lisomwe, kwamba mwaka 1938 sista mmoja mzee wa Kijerumani, aliyekuwa akihudumia wagonjwa Bumbuli, alimweleza asili ya picha ile ya kwanza ya Lushoto, kwamba kwao aliwahi kuiona katika nyumba nyingi, kwamba mtoto yule alikuwa wa ufalme mdogo ambao umekwisha kufutika, alikufa kabla ya kutimiza miaka saba, na mama yake malkia ndiye aliyeagiza nakala zichorwe na kugawiwa kwa ndugu wote, ili kila nyumba atakayoingia amkute mtoto wake amesimama. Marehemu alirudi na habari hiyo usiku, akamwamsha mkewe akamwambia, nao wawili hawakulala tena, kwa maana miaka yote ile, katika chumba kile, alikuwa akiwachora watoto wawili waliokufa akidhani mmoja tu ndiye maiti. Mama Dorkasi alisema anamhurumia malkia huyo, lakini yeye angalau alikuwa na picha ya kutazama.

Vita vya pili vikafunga njia, miguu ya marehemu nayo ikaanza kuuma, na picha zilizobaki kuzifuata zilizidi kuwa mbali na mtoto, nyingine zikiwa na taji, nyingine na hereni, hata akaanza kuogopa, kama alivyomwambia Mika, kwamba atakapoupata ubao wenyewe hatautambua, kwani miaka thelathini ya sura za bandia imekwisha kumjaa kichwani, na kwamba usiku huota nyuso hizo zimejipanga ukutani zote zinamwita baba, na asiyeita ndiye wake.

Machi mwaka huu mwalimu Jenoveva wa Bungu, ambaye yupo hapa, alikuja kuagiza mlango, na katika mazungumzo ya kawaida akataja kwamba kwa jirani yake mjane, Bibi Secilia, kuna picha ya mtoto wa kifalme ya ajabu, ameshika chungwa kama wanavyoshika watoto wetu wakinyonya, limekatwa kichwa. Marehemu aliweka randa chini, hakumaliza hata ule mlango, na mwalimu anaombwa radhi na familia, Tobia ataumalizia.

Alifika Bungu tarehe 24 Machi, mvua inanyesha, umri wake ukiwa miaka sitini na saba, akakuta kwamba Bibi Secilia ni mjane wa Fanueli, yule dereva, akaelezwa yaliyofichika tangu 1926, kwamba Fanueli aliagizwa auchome ubao, akauweka juu ya kuni, akashindwa, akisema hawezi kumchoma mtoto anayemtazama, akauchukua, na walipokuwa wakiishi Korogwe karani wa reli akauona, akaleta mchoraji aunakili, na huko ndiko nakala zote zilikotoka. Bibi Secilia alisema kwamba hata yeye kwa miaka mingi alijiuliza mtoto wa mfalme alianguka wapi, kwani watoto wa wafalme hawakai karibu na mafiga, na kwa kuwa yeye hakujaliwa kuzaa, mtoto yule ndiye aliyekuwa akimwamkia asubuhi.

Marehemu akautambua. Hofu yake yote ilikuwa ya bure, alisema, kwani alipoingia tu mlangoni nyuso nyingine zote zilimtoka kichwani zikaenda zao. Lakini hakuubeba, enyi ndugu, na waliomlaumu kwa hilo hawakumwelewa, kwanza mvua ingeuharibu, na pili alimwona yule mama mwenzake anavyoushika, akasema hataondoa mtoto katika nyumba ya mtu ghafla, yeye anajua maana yake, wakapatana kwamba Bibi Secilia akae naye hadi Pasaka ipite, kisha ataletwa.

Alirudi hapa Alhamisi tarehe 27 Machi, amelowa chapachapa, akasimama mlangoni, akasema, "Mama Dorkasi, nimemwona," mama akauliza, "Yukoje?" naye akajibu, "Bado ana miaka sita." Basi, wakacheka, wazee hao wawili, wakacheka hadi majirani wakatoka nje, na Klara anasema hakuwahi kumsikia mama yake akicheka namna ile tangu azaliwe.

Tarehe 8 Aprili alianza kutetemeka kwa baridi na kifua kikabana, tarehe 11 akapelekwa hospitali Lushoto akaonekana ana nimonia, akatibiwa kwa bidii, akapata nafuu kidogo, akauliza mto wa Bungu umepungua kiasi gani, na alfajiri ya Jumamosi, tarehe 19 Aprili 1958, akaitwa na Bwana wake, ameacha mjane, watoto watatu na wajukuu saba.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia, inamshukuru Mchungaji na wazee wa kanisa, mafundi wenzake wa Lushoto na Soni waliolichonga jeneza hili kwa mbao za mkulo alizojiwekea mwenyewe, watoto wa marehemu Zahoro waliokuja na ile picha yao ya dukani kutuonyesha, majirani waliotuletea kuni, ndizi na maji, na zaidi ya wote inamshukuru Bibi Secilia, ambaye jana jioni aliwasili akiwa na vijana wamebeba ubao kichwani, umefungwa blanketi, bila kujua kwamba anakuja msibani.

Na vijana waliopokea mzigo ule, kwa kuwa ni wa ukoo huu na wamelelewa vizuri, wakauegemeza ukutani, uso ndani, na hakuna aliyechungulia.

Leo asubuhi wazee walikaa, maneno yalikuwa makali, siwafichi, wapo waliosema desturi ni desturi, matanga yataanuliwa baada ya siku chache, aliyengoja miaka thelathini na miwili hashindwi na siku chache, hadi Mama Dorkasi, ambaye hajawahi kusimama katika baraza la wanaume, akasimama akasema, "Mara ile mlifuata desturi, mkanipa ukuta. Baba yake anaondoka leo, nami nataka aondoke akijua nimemwona." Mkubwa wa wazee akasema kwamba desturi iliwekwa ili aliyefumba macho apate usingizi, na huyu hatapata usingizi picha ikiwa imegeuzwa, basi na igeuzwe.

Kwa hiyo naomba wote tusimame, walio na kofia wavue, Mika na Tobia mshikeni mama yenu mkono mumsogeze hapa karibu na jeneza, na wewe Mama Secilia, uliyemlea, tafadhali fungua blanketi, geuza.

Baba Dorkasi, kazi uliyoahidi imefika mikononi mwa mwenyewe, pumzika kwa amani, na wewe Dorkasi, usihuzunike tena, mama yako amefika.